Kura ya Sanduku, Maoni ya Kiti: Kisa cha Kinyozi Mmoja wa Nakuru

Jumamosi ya tarehe 13 Agosti 2022 nilikwenda kunyolewa Kaptembwa, mtaa wa Nakuru, kama ilivyo desturi yangu kila baada ya wiki mbili. Nilikuta watu tisa wamebanana kwenye benchi la watu watano, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunyolewa. Kura za uchaguzi mkuu wa Kenya zilikuwa zimepigwa Jumanne. Runinga zilikuwa zimeanza kujumlisha kila moja kivyake, huyu anaongoza kwenye stesheni hii, yule anaongoza kwenye ile, kisha zikapunguza mwendo hadi zikakaribia kunyamaza. Majirani walikuwa wamenunua unga wa wiki mbili. Kinyozi, ambaye ndiye mwenye kisa hiki, alikuwa amesimama nyuma ya kiti kitupu akipangusa mashine isiyo na unywele.

Sitataja jina lake wala kabila lake. Jina naliacha kwa sababu bado anaishi na watu. Kabila naliacha kwa sababu ukishalijua utadhani umeijua na kura yake, na kisa chenyewe kinahusu kosa hilohilo. Itoshe kusema kwamba baba na mama yake ni wa makabila mawili, mkewe ni wa la tatu, na kila upande umewahi kumhesabu kuwa wake, au wa adui, kutegemea mwaka. Yeye husema, "Kwa wajomba mimi ni mtoto wa shemeji. Kwa baba wadogo mimi ni mtoto wa yule mama."

Asiyeijua Kaptembwa aelewe kwanza ploti zake zilivyo. Mkisii, Mluhya, Mjaluo, Mkalenjin na Mkikuyu wamepanga mlango kwa mlango, mfereji mmoja, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoingia Nakuru, ploti hizo ndizo zilizopasuka. Uwanja wa Maonyesho ya Kilimo ukajaa mahema. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Kinyozi alikuwa na miaka 19, akijifunza kazi kwa mzee aliyekuwa na duka hilihili. Usiku mmoja mzee aliondoka na begi na mashine mbili, hakurudi tena. Kiti kilibaki kwa sababu kilikuwa kizito. Mpaka leo ndicho wateja wanachokalia.

Kwa hiyo mtu huyu hakuanza kutafuta msimamo wa katikati kwa kuwa alisoma mahali kwamba ni jambo la ustaarabu. Aliutafuta kwa hofu.

Njia yake ya kwanza ilikuwa kibao. Mwaka 2017 aliandika kwa rangi nyekundu juu ya kioo: SIASA NI NJE. Nilimwambia wakati ule kwamba amekosea, na bado nasema hivyo. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba mwaka ule, mji mzima ulikuwa na la kusema, ila ndani ya duka lake watu walinyolewa kama walio kwenye matanga. Na ukimya haukumsaidia. Wateja wa upande mmoja walisema amenyamaza kwa sababu watu wake wameshindwa kortini. Wa upande wa pili wakasema amenyamaza kwa sababu anafurahia moyoni. Ukimya mmoja ulisomwa mara mbili, na kila msomaji alikuta humo adui yake. Kufikia marudio ya uchaguzi tarehe 26 Oktoba, ambayo upande wa upinzani uliyasusia, kibao kilikuwa kimegeuka tangazo la chama kisichojulikana.

Akajaribu kukubaliana na kila aliyekalia kiti. Hilo halikudumu. Siku moja mteja aliyeambiwa "kweli mzee, wameiba" alirudi kuchukua kofia aliyoisahau, akamkuta kinyozi akimwambia mwingine "kweli boss, wamezoea kulia." Sina haja ya kueleza zaidi.

Kilichombadilisha ni mambo mawili, na yote mawili yalitokea kabla ya uchaguzi wa 2022.

La kwanza lilikuwa Juni 2021. Wakenya walipewa nafasi ya kuangalia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kama wamesajiliwa kuwa wanachama wa chama chochote cha siasa, na wengi wakagundua kwamba ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kuvisogelea. Kinyozi alikuwa mmoja wao. Nilikuwa pale alipoingiza nambari ya kitambulisho. Alilitazama lile jina la chama kwa muda, kisha akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mwalimu, miaka yote hii watu wananiuliza niko upande gani. Kumbe kuna mtu alishanijazia." Alijiondoa, lakini lile jambo lilimkaa kooni. Alikuwa ameogopa kuchukua upande, na upande ukamchukua bila kumuuliza.

La pili lilikuwa ukuta. Mapema mwaka 2022 aliamua kupaka duka rangi, na plasta ya nje ilikuwa imebeba mabango ya kampeni ya kila msimu, bango juu ya bango, gundi juu ya gundi. Alimpa kijana wake wa kazi kisu cha kukwangulia. Kijana huyo alikuwa na miaka 18, na ndiye aliyeanza kuuliza maswali.

Juu kabisa palikuwa na 2017. Chini yake 2013: Uhuru Kenyatta na William Ruto bega kwa bega, wakimkabili Raila Odinga. Chini ya hilo kipande cha kijani cha kura ya maoni ya Katiba ya 2010, ambapo Rais Mwai Kibaki na Raila walisema Ndiyo na Ruto akaongoza La. Na karibu na plasta yenyewe, kikiwa kimeliwa na mvua, kipande cha chungwa cha 2007 chenye Raila na Ruto upande mmoja, wakimpinga Kibaki, ambaye safari hiyo Uhuru alikuwa akimuunga mkono. Kijana akauliza, "Sasa hawa si ndio maadui?" Kinyozi akamwambia aendelee kukwangua. Lakini baada ya muda akaja akasimama kando yake, akaviangalia vile vipande sakafuni. Mwezi huohuo Uhuru alikuwa upande wa Raila, tangu walipopeana mikono tarehe 9 Machi 2018, na Ruto alikuwa upande wake mwenyewe, akiwapinga.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawakuishi wakaiona Kenya.

Jioni ile kinyozi aliniambia jambo ambalo nimelifikiria sana tangu wakati huo. Alisema: miaka yote amekuwa akitafuta kusimama katikati ya watu wawili, na hao watu wawili hawatulii. Ukisimama katikati ya Raila na Ruto mwaka 2007, husimami popote, kwa sababu wako pamoja. Ukisimama hapo 2013 una nafasi. Ukija kusimama baadaye, hujui. "Nimekuwa nikipima katikati kwa kamba ambayo ncha zake zinatembea."

Hapo ndipo uchambuzi wangu unapoanzia, maana nadhani kosa hilo si lake peke yake. Tukisema mtu ana msimamo wa kati, wengi wetu tunamaanisha amesimama nusu ya njia kati ya miungano miwili ya vyama. Lakini miungano ya Kenya haijasimama juu ya mawazo. Imesimama juu ya hesabu: Katiba inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Hakuna jamii inayoweza kufika huko peke yake. Kila miaka mitano wakubwa lazima wapatane upya, na wanapatana na yeyote anayekamilisha hesabu. Mwananchi anayejipima kwa miungano hiyo atajikuta ameitwa msaliti mwaka huu kwa neno lilelile lililompa sifa mwaka ule, na yeye hajasogea hata hatua moja.

Kinyozi akafuta kibao. Mahali pake hakuandika chochote, ila kanuni yake wateja wote waliijua ndani ya mwezi mmoja: kura ni ya sanduku, maoni ni ya kiti. Ukimuuliza atampigia nani, hakujibu, hata ukiwa nduguye. Katiba, kifungu cha 38, inampa kura ya siri na aliishika siri hiyo kama mtu anayeshika pini ya simu yake. Lakini ukimuuliza kuhusu jambo lenyewe, bei ya unga, taa za barabarani, karo, mitaro ya maji machafu, wizi wa fedha za umma, alikupa jibu lake bila kupepesa macho, na alikupa lilelile alilompa aliyetangulia.

Tofauti na kibao inaonekana ndogo, ila ndiyo kisa chote. Kibao kilificha mtu mzima. Kanuni mpya ilificha jina moja tu.

Ilimgharimu. Mwenye ploti alimletea bango la jamaa yake aliyekuwa akiwania udiwani, akataka litundikwe ndani, juu ya kioo, pale kila mteja anapotazama. Kinyozi akamwambia, "Mzee, ukuta wa nje ni wako, kioo ni changu." Bango likatundikwa nje, juu ya rangi mpya. Mwezi uliofuata kodi ilipanda shilingi 500. Wateja wawili wa miaka mingi walihamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara ambaye alikuwa na wilbaro ndogo ya kuchezea dirishani, alama ya chama cha Ruto, na mmoja akahamia kwa yule mwenye kalenda ya Azimio, muungano wa Raila. Kwa mtu anayenyoa kwa shilingi 100, watu watatu wanahesabika.

Kuna siku pia ambayo kanuni haikutosha. Mteja mmoja, akiwa kitini na povu shingoni, alianza kuzungumza habari za "madoadoa", yaani watu wa jamii nyingine, yanayopaswa kuondolewa Bonde la Ufa. Neno hilo lilikuwa limerudi tangu Januari 2022 lilipotamkwa jukwaani Eldoret, na Tume ya Uwiano na Utangamano ililiweka kwenye orodha yake ya maneno ya chuki pamoja na mengine kama "hatupangwingwi". Kinyozi alizima mashine. Hakupaza sauti. Alichukua taulo, akapangusa povu lote, akamgeuza mteja kwenye kioo akiwa amenyolewa nusu kichwa. "Mkubwa, kiti ulichokalia kina mwenyewe. Aliondolewa hapa usiku kwa neno kama hilo. Nikumalizie au uende hivyo?" Yule mtu alinyamaza, akamaliziwa, akalipa. Namtaja kwa sababu watu hudhani mwenye msimamo wa kati ni mtu wa kulainisha kila kitu. Baina ya anayetaka jirani afukuzwe na asiyetaka, kinyozi hakuona nusu ya njia, na sioni pia mimi.

Turudi Jumamosi ile ya Agosti. Tume ya uchaguzi ilikuwa imefungua tovuti yake kwa umma, na fomu 34A, zenye matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zikipandishwa humo moja moja. Benchi lilikuwa limegawanyika: nusu ilisema kura zinaibwa, nusu ilisema waliozoea kushindwa wameanza. Sauti zilikuwa zinapanda. Kinyozi akamwambia kijana, "Wewe una bando. Tafuta shule yetu."

Kijana akabofya kaunti, eneobunge, wadi, shule, chumba. Ilichukua muda, mtandao ulikuwa unavuta miguu. Fomu ilipofunguka ilikuwa picha ya karatasi iliyojazwa kwa kalamu, yenye mkunjo katikati, sahihi za maajenti chini, na tarakimu moja ambayo msimamizi aliikata kwa mstari akaiandika upya kando. Wale watu tisa wakainama juu ya simu ndogo. Fundi wa baiskeli aliyekuwa mwisho wa benchi akatoa yake: Jumanne usiku alikuwa ameipiga picha karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa darasa. Wakasoma kwa sauti, mmoja fomu ya tovuti, mwingine ya mlangoni, mgombea kwa mgombea, mpaka kura zilizokataliwa. Zililingana.

"Sawa," kinyozi akasema. "Hapa shuleni kwetu hakuna aliyemwibia mtu. Kwingine siwezi kusema, sijaona."

Mmoja akamwambia hilo si jibu. Mimi nadhani ni jibu bora kuliko yote niliyosikia wiki ile. Hakusema uchaguzi ni safi, hakusema umeibwa. Alisema anachokijua, akaonyesha mpaka wa anachokijua. Mtu mwingine angejiita wa katikati kwa kusema "pande zote mbili zina makosa", kauli ambayo haihitaji kusoma fomu yoyote.

Jumatatu tarehe 15 matokeo yakatangazwa: Ruto kura 7,176,141, Raila 6,942,930, na siku hiyohiyo makamishna wanne kati ya saba wa tume wakajitenga nayo. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu, ikaamuliwa tarehe 5 Septemba, ushindi ukathibitishwa. Kaptembwa haikuchomwa. Sitampa kinyozi sifa hiyo. Mambo mengi yalichangia. Lakini najua kwamba watu tisa waliokwenda nyumbani Jumamosi ile walikwenda wakibishana juu ya tarakimu, si juu ya majina ya ukoo.

Sasa niseme ninapotofautiana naye. Kanuni ya kupima jambo kwa jambo ina tundu, na tundu hilo lilionekana Juni 2024. Kwenye kura sita za Agosti 2022, kinyozi hakupiga suti, yaani hakushuka na chama kimoja kutoka rais hadi diwani; hilo alikubali kulisema bila kutaja majina. Alichagua kila mmoja kwa jambo lake. Vizuri. Ila mbunge haendi bungeni na jambo lako moja. Ukimchagua kwa sababu ya taa za barabarani, umechagua pia mkono wake siku kiranja wa chama anapopita akihesabu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopigiwa kura ya mwisho tarehe 25 Juni, ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, na wengi wa walioupitisha hawakuwa wamewahi kuwauliza waliowatuma. Mpigakura anaweza kuchambua punje kwa punje. Serikali anayopewa huja ikiwa gunia zima. Nilimwambia hivyo. Alinisikiliza, akasema, "Ndiyo maana mwaka wa nne huwa nina hasira," akaendelea kunyoa.

Wiki ile kijana wake aliingia barabarani na wenzake, Kenyatta Avenue. Kinyozi alikuwa na maoni yake tayari na hakuyabadilisha kwa ajili ya mtu. Mswada haufai, hata baada ya kodi ya mkate na ya magari kuondolewa wiki moja kabla. Vijana wana haki ya kuandamana bila silaha, imeandikwa. Anayevunja duka la mwenzake ni mwizi hata akibeba bendera. Wateja waliokuwa upande wa serikali walikasirishwa na la kwanza na la pili, kijana akakasirishwa na la tatu. Habari za waliopigwa risasi zilipokuja, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ikaanza kuhesabu maiti, mteja mmoja akamdhihaki: "Na hapa je, mtu wa katikati?" Akajibu kwamba risasi haina katikati. Ruto alikataa kutia sahihi mswada kesho yake, tarehe 26. Kijana hakurudi dukani kwa siku nne, na aliporudi alikuwa na donge na mwajiri wake. Kwake yeye, kuweka neno la maduka na neno la risasi kwenye sentensi moja ni kuyafanya yalingane. Hapo nilikuwa upande wa kijana. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli yote mawili na bado moja likawa zito mara elfu. Mizani haitaki tu vitu vyote vipakiwe, inataka visomwe uzito.

Kisha ukuta ukajirudia. Julai mwaka uleule watu wa ODM, chama cha Raila, waliteuliwa kuingia baraza la mawaziri, na tarehe 7 Machi 2025 Ruto na Raila wakatia sahihi makubaliano ya kushirikiana. Wale wateja waliokuwa wameacha kusalimiana tangu 2022 walijikuta, bila kuulizwa, upande mmoja. Baadhi hawakurudiana. Mmoja alimwambia kinyozi kwa uchungu wa kweli, "Mimi niligombana na shemeji yangu kwa sababu ya hawa watu."

Raila alipofariki nchini India tarehe 15 Oktoba 2025, kinyozi alifunga duka asubuhi, akafungua alasiri. Fundi wa baiskeli, ambaye humwita Raila "Baba" tangu nimjue, alikuja akaketi kitini bila kusema anataka nini. Kinyozi hakumuuliza. Alimnyoa ndevu kwa wembe, polepole, akampaka spiriti, akakataa pesa. Mpaka leo fundi hajui kama kinyozi aliwahi kumpigia Raila kura. Hajauliza.

Kijana wakati huo alikuwa na miaka 21. Kwa muda mrefu alisema hataandikishwa, kwamba kuchagua ni kuchagua atakayekupiga. Tume ilipofungua tena uandikishaji mwishoni mwa Septemba 2025, kinyozi alimwambia mara moja tu, kisha akaacha. Wiki chache baadaye kijana aliingia dukani na karatasi ndogo mfukoni, akaiweka juu ya meza karibu na chanuo, akatabasamu. "Nimejiandikisha, boss. Na 2027 najua kabisa nitampigia..."

Kinyozi akawasha mashine.